Twende Luxor, au Tubaki na Beseni la Maji?

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, saa saba mchana ikiwa imepita kidogo, mwezi utalifunika jua lote juu ya Luxor, mji wa mahekalu ulioko kusini mwa Misri. Giza litakaa kwa zaidi ya dakika 6, na penye kilele, jangwani si mbali na mji, litafika dakika 6 na sekunde 23. Baada ya hapo, giza refu kuliko hilo kwa mtu aliyesimama nchi kavu halitatokea mpaka mwaka 2114. Mtoto aliyezaliwa juzi atakuwa bibi anayekaribia miaka 90.

Basi swali liko mezani: uende, usiende? Kwetu mambo makubwa huamuliwa kwa kikao, na hili nalo ni la kikao. Wapo watakaosema kupanda ndege kwa ajili ya dakika 6 ni wazimu. Wapo watakaouliza nauli inatoka mfuko gani. Mwongozo huu ni wa kukupa majibu kabla hujaketi mkekani, na msimamo wangu nautaja mapema ili usinitafute katikati ya mistari: kama unaweza kwenda, nenda.

Anza na ramani. Kivuli cha mwezi kitaingia kutoka Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Morocco na Algeria, Tunisia, Libya, kisha Misri. Kitavuka Bahari ya Shamu, kiifunike Jeddah na Makkah, kiguse Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia, halafu kizame Bahari ya Hindi. Njia yake ina upana wa kilomita zipatazo 258. Aliye ndani ya njia hiyo ataona jua limefunikwa lote. Aliye nje, hata kwa hatua chache, ataona jua limemegwa tu. Nairobi na Mombasa ziko nje, tena mbali. Watakachopata wakazi wa huko ni kipande, na kwa kuwa Agosti Nairobi hushinda chini ya mawingu ya baridi, hata kipande hicho ni cha kuombea.

Sasa tahadhari na shemeji. Kila ukoo una shemeji mmoja anayejua njia za mkato, na safari hii atakwambia: "Shukia Cairo, inatosha. Si ni Misri hiyo hiyo?" Mheshimu, mwongezee chai, lakini usimfuate. Cairo iko nje ya njia. Jua litamegwa sana pale, litabaki kama ukucha, na watu watarudi nyumbani wakisema wameona kupatwa kwa jua. Hawatakuwa wamesema uongo. Ila watakuwa wameona kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza safari yao, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tunadhani asilimia 99 ni karibu sawa na 100. Kwenye mtihani wa taifa, ndiyo. Kwenye jua, hapana. Jua limezungukwa na taji la gesi ya moto kupindukia, ambalo wanasayansi hulitaja kama korona, na mng'ao wake unakaribia ule wa mwezi mpevu. Uso wa jua wenyewe unalizidi taji hilo kwa mng'ao mara kama milioni moja. Ukiacha asilimia 1 tu ya uso wa jua wazi, asilimia hiyo bado inang'aa mara 10,000 kuliko taji. Hutaliona. Anga haliingii giza, nyota hazitoki, na miwani haivuliwi. Mlango hauachi ufa wa kuchungulia: ama umefunguka, ama umefungwa.

Watanzania tuna ushahidi wetu. Alhamisi, Septemba 1, 2016, watu walijaa Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kutazama jua likipatwa karibu na saa sita mchana. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, na katikati ya tukio ikabaki pete ya moto. Nilikuwapo. Chini ya mwarobaini, mwanga uliopenya kati ya majani ulichora pete juu ya vumbi, mamia ya pete zilizopandana, na watoto walipozikanyaga zilipanda juu ya miguu yao. Miwani ilipita mkono kwa mkono, mwenye nayo akidai irudi na asiye nayo akiomba sekunde moja zaidi. Ilikuwa siku nzuri sana. Lakini mchana ulibaki mchana, umefifia tu, na hakuna aliyethubutu kulitazama jua kwa macho matupu.

Linganisha na Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda, kando ya mto Nile, Jumapili ya Novemba 3, 2013. Jua lilikuwa limeshuka upande wa magharibi, jioni. Umati ulikuwa mkubwa, Rais Museveni naye akiwa amefika kutazama. Mwanga ulianza kubadilika, na haukuwa mwanga wa machweo: hakukuwa na wekundu, kulikuwa na weupe uliopungukiwa. Vivuli vikawa na makali. Ungeweza kuona nywele moja moja kwenye kivuli cha kichwa chako. Upepo ukapoa ghafla. Kisha tone moja la mwanga likang'aa ukingoni, likakatika, na pale lilipokuwa jua pakawa na duara jeusi lililozungukwa na nyuzi nyeupe za mwanga. Watu walipiga kelele, wengine wakapiga vigelegele. Mama aliyesimama mbele yangu na karai kichwani hakusema kitu. Alishusha karai, akaweka mkono kifuani. Kabla hajauondoa, jua lilikuwa limerudi.

Zilikuwa sekunde 20 hivi. Luxor itapewa karibu mara 19 ya hizo.

Turudi kikaoni. Mjomba atasema tusubiri, litakuja hapa hapa kwetu. Mpe hesabu: kwa wastani, mahali popote duniani husubiri miaka kama 375 kati ya kupatwa kamili kumoja na kwingine. Wapo waliobahatika. Kusini mwa Kenya palipita kivuli mwaka 1980, na kabla ya hapo, Juni 30, 1973, kivuli cha mojawapo ya kupatwa kurefu zaidi kwa zama zetu kilipita Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Siku ile ile wanasayansi walipanda ndege ya Concorde huko Visiwa vya Canary, wakakimbizana na kivuli juu ya Sahara kwa kasi inayozidi sauti, wakakaa ndani yake dakika 74. Mjomba akisikia hayo, basi la usiku la kwenda Luxor halitamwonekea tena kuwa jambo la ajabu.

Binamu mwenye simu kubwa atasema ataangalia kwenye intaneti, picha zitakuwa safi kuliko macho yako. Picha zitakuwa safi kweli. Lakini kamera haina uwezo wa macho wa kushika kwa pamoja duara jeusi, nyuzi za taji zinazofifia taratibu na ndimi nyekundu za moto zinazochungulia ukingoni. Wala picha haibebi baridi inayokuja mchana kweupe, ndege wanaorudi kwenye viota vyao, wala upeo wa macho unaoonyesha rangi za jioni pande zote nne, kwa kuwa ukiwa katikati ya kivuli, kule mbali bado ni mchana. Tena ukifika Luxor iache simu mfukoni. Dakika 6 ni nyingi kuliko watu wengi watakazowahi kupata, na si za kutafuta kitufe.

Shangazi ndiye atakayeuliza swali zito: hela. Hapo usimletee mashairi. Hii si safari ya kukopea, na hasa si ya kukopea kwenye zile programu za simu zinazompigia bosi wako ukichelewa kulipa. Kama ada ya shule iko hatarini, au mzazi yuko kitandani, jibu ni kubaki, na hakuna aibu ndani yake. Lakini kama kila mwaka unachangia harusi, vikao vya send-off na kitchen party za watu usiowakumbuka sura, una uwezo wa kuweka akiba. Fungua kibubu. Kama mna kikoba au chama, wekeni lengo moja la pamoja. Cairo ina ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na kutoka Cairo hadi Luxor kuna treni, mabasi na ndege za ndani. Kinachouma ni malazi, maana mahoteli na meli za utalii za mto Nile zilianza kuchukuliwa miaka kabla ya siku yenyewe.

Na hela hiyo inanunua nini hasa? Inanunua anga. Msafiri wa kupatwa kwa jua ana adui mmoja, naye ni wingu. Siku ile ile Pakwach ilipofurahi, waliokwenda upande wa Kenya, Sibiloi kando ya Turkana, walikutana na dhoruba ya mchanga na mawingu. Julai 22, 2009, mamilioni ya watu Shanghai walisimama mvuani, giza likaja na likaondoka bila wao kuona kitu juu. Luxor mwezi Agosti ni kinyume chake: mvua haijulikani, na wingu likitokea watu hulitazama. Ukiwa na nauli ya safari moja tu maishani, iweke pale ambapo anga huwa halivunji ahadi.

Bei ya anga hilo ni joto. Agosti Luxor hufika nyuzi 40 na zaidi, na saa saba mchana jua litakuwa karibu utosini. Bibi mwenye shinikizo la damu abaki nyumbani, umpigie simu ya video jioni. Mtoto mchanga naye abaki. Mwanafunzi wa darasa la nne na kuendelea mchukue, hata kama itabidi umkatie tiketi kwa hela ya sofa mpya, kwa kuwa huyo atalikumbuka mpaka uzeeni. Vaa nguo nyepesi zinazofunika mwili, kanzu au dera ni sawa kabisa, na maji yawe mengi kuliko unavyodhani.

Kwa Waislamu wa Zanzibar, Mombasa, Lamu na kwingineko, kikao kinaweza kupinda kuelekea ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Jeddah iko katikati ya njia ya kivuli, takriban dakika 6 za giza. Makkah ina zaidi ya dakika 5. Hija ya mwaka huo itakuwa imeshapita mwezi Mei, kwa hiyo anayekwenda Umra mwishoni mwa Julai anaweza kujikuta amesimama Makkah mwezi ukilifunika jua. Hilo si jambo la kulipita haraka. Swala ya kupatwa kwa jua ni sunna inayojulikana misikitini kwetu, rakaa mbili zenye rukuu mbili mbili kila moja, na kisomo kirefu. Asili yake inatajwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, Madina. Watu waliposema jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule, Mtume aliwakataza: jua na mwezi ni alama za Mungu na hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Wataalamu wa nyota huitaja tarehe ya kupatwa kule kuwa Januari 27, mwaka 632.

Mtu akikuuliza basi, kule Makkah utaswali au utatazama? Jua litaanza kumegwa zaidi ya saa moja kabla ya giza, na baada ya giza litachukua tena zaidi ya saa moja kuachiwa. Zungumza na imamu wako mapema juu ya mpangilio wa ibada, na usiende na wazo la kushindana na watu wa safu yako kwa kunyanyua shingo. Mwenye ndugu Jeddah anayo nafasi nyingine, dari la nyumba na anga jeupe juu yake. Yemen na Somalia nazo ziko njiani, ila hali ya usalama inazitoa kwenye orodha ya wasafiri wengi.

Halafu kuna bosi. Tarehe 2 Agosti ni Jumatatu, kwa hiyo Ijumaa unaondoka, Jumatano umerudi kama mambo yamekwenda vyema. Jaza fomu ya likizo mapema sana, kabla wenzako hawajakumbuka kuwa Agosti ipo. Andika sababu ya kweli. Mhasibu aliyeandika "naenda kutazama jua likipatwa" anakumbukwa vizuri kuliko aliyemwua nyanya yake kwa mara ya tatu. Wakenya nao wana jambo lao. Uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 10, siku nane baadaye. Kampeni zitakuwa zimefika kooni, vipaza sauti kila kona. Utakuwa umekwenda, umeona, umerudi, na kadi yako ya kura iko mfukoni.

Sasa macho, na hapa sina utani hata chembe. Tumekua tukitazama jua likipatwa ndani ya beseni la maji, au kupitia filamu ya eksirei aliyopigwa baba kifuani, au kioo kilichopakwa masizi ya kibatari. Yote hayo yaache. Maji hayapunguzi mwanga vya kutosha; filamu na masizi hupunguza mwanga unaouona na kuacha mionzi usiyoiona ipite. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo inaungua bila kukwambia, na unagundua usiku unapotaka kusoma ujumbe na katikati ya herufi pana doa. Miwani ya jua ya kawaida haifai, hata iwe ya bei gani. Tafuta miwani ya kupatwa kwa jua iliyoandikwa ISO 12312-2, nunua kwa muuzaji anayejulikana, na kabla ya kuivaa ikague: ukiiwekea taa ya kawaida ya nyumbani usione kitu au uone kwa shida sana. Yenye mkwaruzo itupe. Ukitaka kutumia darubini ya mkononi, kichujio kinakaa mbele ya lenzi, upande wa jua. Miwani yako haiwezi kuzuia mwanga uliokwisha kukusanywa na lenzi.

Kwa wale watakaobaki nyumbani na kipande chao, kuna njia salama isiyogharimu kitu. Chukua chujio la nazi au la ugimbi, lishike juani, utazame kivuli chake ukutani. Kila tundu litachora jua dogo lililomegwa. Watoto wa mtaa mzima watakuja.

Na ndani ya njia ya kivuli, miwani inavuliwa mara moja tu: tone la mwisho la mwanga likishakatika. Hapo unatazama kwa macho yako mwenyewe, bila kitu, na ni salama kwa muda wote wa giza. Upande wa pili wa mwezi ukianza kung'aa, unavaa tena papo hapo. Mkubaliane kabla nani atapiga kelele "vaa!", na awe mtu asiye mwoga wa kupaza sauti mbele ya wageni.

Nina sababu moja zaidi ya kusema nenda, na hii haihusu Luxor peke yake. Jua lina upana wa mara 400 hivi wa mwezi, na liko mbali nasi mara 400 hivi kuliko mwezi. Kwa ajili hiyo tu viwili hivi vinaonekana vya ukubwa mmoja, kimoja kikaweza kukifunika kingine kwa kipimo hicho cha ajabu, taji likabaki wazi. Mwezi unasogea mbali na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Utafika wakati, miaka mamilioni mengi ijayo, ambapo utakuwa mdogo mno angani na kitakachobaki ni pete tu, kama ile ya Rujewa. Tumezaliwa ndani ya muda ambapo kipimo bado kinalingana. Kuishi ndani ya muda huo, kuwa na uwezo, na usinyanyuke hata mara moja kwenda kusimama chini ya kivuli, kwangu ni hasara isiyo na sababu.

Kama 2027 haiwezekani kabisa, kalenda haijafungwa. Novemba 25, 2030, kivuli kitapita Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Giza lake ni fupi zaidi na mawingu ya masika ya kusini yanatisha, lakini mtu wa Mbeya anaweza kwenda kwa barabara, kupitia Tunduma na Zambia. Mei 21, 2031, pete nyingine inapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania yenyewe. Pete si giza, nimeshasema, ila kwa aliyeikosa ya Rujewa ni karamu.

Kikao kikikubali, usilale juu ya uamuzi. Kagua pasi yako iwe na miezi isiyopungua sita baada ya tarehe ya safari. Uliza ubalozi wa Misri masharti ya viza ya pasi ya nchi yako, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasi. Malazi ya Luxor yakiwa yamejaa au yamepanda bei hadi pasipofikika, usirudi nyuma: Qena, Sohag na Asyut nazo ziko ndani ya njia ya kivuli, na treni ya Cairo kwenda Luxor inasimama kote huko.